Kutafsiri “disperso” ya Kihispania kwa Kiingereza: mwongozo kwa wafasiri wa Tanga

Mfasiri wa Tanga anayepokea maandishi ya Kihispania, iwe brosha ya magofu ya Tongoni, ripoti ya samaki au makala ya mkonge kutoka Yucatán, jimbo la Meksiko, hachelewi kukutana na kivumishi “disperso”. Kamusi itampa “scattered” na “dispersed”, na programu ya kutafsiri itampa hayohayo. Mara nyingi yanafaa. Yasipofaa, hasara yake haionekani: sentensi ya Kiingereza inasomeka vizuri, ila inasema jambo ambalo mwandishi hakulisema.

Kihispania hutumia “disperso” kwa nyumba zilizojengwa mbalimbali, mvua ya hapa na pale, nuru, namba, maandishi ambayo hayajakusanywa kitabuni, hata kwa mtu ambaye akili yake haijatulia. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno kama kumi. Kiswahili nacho kimeigawa, tena kwa namna inayokaribiana sana na Kiingereza. Kwa hiyo ushauri wetu mkuu ni huu: usiruke kutoka Kihispania hadi Kiingereza. Simama kwenye Kiswahili kwanza. Jiulize hapa ungesema vitu hivyo vimetawanyika, vimetapakaa, vimezagaa, viko mbalimbali, au ni haba tu. Ukishajibu, maneno ya Kiingereza yanayobaki mezani ni moja au mawili.

Anza na upatanisho: ni nini hasa kilichotawanyika?

“Disperso” hubadilika kufuata nomino: disperso, dispersa, dispersos, dispersas. Sisi tuliozoea ngeli hatuoni ajabu, lakini wengi wakishafika kwenye Kiingereza wanausahau ushahidi huo, maana Kiingereza hakina upatanisho wa vivumishi. Tazama sentensi hizi mbili:

“Los restos de las barcas, dispersos por la playa.”
“Los restos de las barcas, dispersas por la playa.”

Tofauti ni herufi moja. “Restos” ni ya kiume na “barcas” ni ya kike. Katika sentensi ya kwanza ni mabaki yaliyotawanyika, katika ya pili ni vyombo vyenyewe. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo bila taabu: “mabaki ya vyombo yaliyotawanyika ufuoni” na “mabaki ya vyombo vilivyotawanyika ufuoni”. Angalia lakini kwamba ukiandika “majahazi” badala ya “vyombo”, ushahidi unapotea, kwa sababu mabaki na majahazi yote yanachukua “yali-”. Kwa hiyo unapoandika rasimu yako ya Kiswahili pembeni, chagua nomino za ngeli tofauti kwa makusudi.

Kwa Kiingereza, “the remains of the boats scattered along the beach” inasomeka kwa njia zote mbili. Dawa yake ni kukihamisha kivumishi kikakae mbele ya nomino yake: “the scattered remains of the boats” kwa ile ya kwanza, “the remains of the scattered boats” kwa ya pili. Mhariri akikwambia sentensi yako imebadilisha mpangilio wa asili, mweleze sababu. Mpangilio umebadilika ili maana isibadilike.

Nomino mbili zikiunganishwa kwa “y”, kuwa makini zaidi. “Casas y árboles dispersos” inaweza kuhusu vyote viwili, kwa sababu nomino za jinsia tofauti zikiungana kivumishi kinachofuata huwa cha kiume wingi. “Árboles y casas dispersas” inaelekea kuhusu nyumba peke yake. Hapo andika “trees and scattered houses”. Ukiandika “scattered trees and houses” umeitawanya na miti.

Pili, ipitishe kwenye Kiswahili

Andika sentensi yako ya Kiswahili kwa mkono au kwenye faili la pembeni, sentensi kamili, siyo neno moja. Kitenzi utakachokichagua kinajibu maswali ambayo Kihispania hakikuyajibu.

Ukijikuta umeandika “vimetawanyika”, maana yake unaviona vitu vilivyokuwa pamoja, au ambavyo vingeweza kuwa pamoja, na sasa kila kimoja kiko kwake. Hapo “scattered” ndiyo ya kuanzia. Inapenda nomino za kuhesabika zilizo katika wingi: “scattered houses”, “scattered bushes”, “scattered coins”. Nomino ya Kihispania ikiwa ya umoja wa jumla, igeuze iwe wingi. “Caserío disperso” ni nyumba nyingi za shamba zilizoachana, kwa hiyo “scattered farmsteads”. “Arbolado disperso” ni “scattered trees”. “Lluvia dispersa” inakuwa “scattered showers”, kwa sababu “scattered rain” haina mdundo wa Kiingereza cha kawaida.

Ukijikuta umeandika “wametawanywa” au “wakatawanyika baada ya mkutano”, kuna tendo, na pengine kuna mtendaji. Hapo ndipo “dispersed” inapopata nafasi yake halali. Kihispania chenyewe hutoa dalili: “disperso” ni hali, ilhali “dispersado” ni matokeo ya tendo. “La manifestación fue dispersada por la policía” ni “the demonstration was dispersed by police”, au “broken up by police” kama ni habari ya gazetini. Usiweke “scattered” hapo bila kufikiri. Kwa Kiingereza umati unao-“disperse” unaondoka, watu wanarudi makwao. Umati unao-“scatter” unakimbia huku na huko kwa hofu. Ukichanganya hayo mawili katika taarifa ya habari umebadilisha tukio.

Ukijikuta umeandika “vimetapakaa”, unaona uso wa kitu uliofunikwa: sakafu, barabara, ufuo. Kiingereza kinakupa “strewn”, pamoja na “over” au “across”: “petals strewn over the floor”. Na ukiandika “vimezagaa”, tayari umelalamika. Takataka zimezagaa, chupa zimezagaa, karatasi zimezagaa. Lalamiko hilo kwa Kiingereza linabebwa na “littered”: “the beach was littered with bottles”. Swali la kujiuliza ni kama mwandishi wa Kihispania naye analalamika. “Botellas dispersas por la playa” ni maelezo matulivu, na “bottles scattered along the beach” inatosha. “Botellas tiradas por la playa” ina lawama ndani yake, na hiyo ndiyo inayostahili “littered”. Mfasiri asiongeze hasira isiyokuwamo.

Ukijikuta umeandika “ziko mbalimbali” au “zimeachana”, bila fikra kwamba ziliwahi kuwa pamoja, unazungumzia umbali. “Spread out” na “far apart” zinafaa: “the houses are spread out”. Kwa vitu vilivyo mbali sana kutoka makao makuu, kama matawi ya shirika moja katika nchi nyingi, “far-flung” ni nzuri, lakini ina ladha ya uandishi wa safari na haifai katika ripoti ya kiufundi.

Ukijikuta umeandika “moja moja, hapa na pale”, chunguza kama vitu hivyo viko mahali pasipo pao. Mche wa mkonge uliojiotea wenyewe nje ya mstari ni “a stray plant”. “Plantas dispersas entre las hileras”, katika maelezo ya shamba lililopandwa kwa mistari, inaweza kabisa kuwa “stray plants between the rows”. Ila katika mbuga ya asili hakuna mstari wa kupotea, kwa hiyo rudi kwenye “scattered”.

Halafu kuna “ni haba”. Hili linahitaji nafasi yake.

“Scattered” na “sparse” si ndugu wa kubadilishana

Neno “sparse” la Kiingereza na “disperso” la Kihispania yanatoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, “spargere”, na “esparcir” pia. Ujamaa huo wa asili ndio unaowaponza watu. “Sparse” inasema uchache: watu haba, ndevu haba, majani haba. “Scattered” inasema mpangilio: walipo, wameachana. Wilaya inaweza kuwa na watu wengi sana wanaokaa mbalimbali, na kisiwa kinaweza kuwa na watu wachache mno wote wakiwa kijiji kimoja.

Msomaji wa Tanzania analijua hili vizuri. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihusu makazi yaliyotawanyika. Lengo lilikuwa kuwakusanya watu pamoja, na uchache wao haukuwa hoja. Ukitafsiri “población dispersa” kwa “sparse population” katika andiko la sera ya namna hiyo, hoja nzima inageuka: msomaji ataelewa kwamba tatizo lilikuwa upungufu wa watu.

Waandishi wa Kihispania wenyewe huyaweka maneno mawili pamoja: “una población escasa y dispersa”. Wakifanya hivyo wamekupa jibu. “Escasa” ni “sparse” au “small”, “dispersa” ni “scattered”, na “a small, scattered population” ni tafsiri safi. Kwa nywele na ndevu Kihispania kina “ralo”: “barba rala” ni “a sparse beard”, “pelo ralo” ni “thinning hair”. Ukiona “ralo” usihangaike na “scattered” hata kidogo.

Kuna sehemu moja ambako “disperso” ni “sparse” kweli, nayo ni hisabati na kompyuta. “Matriz dispersa” ni “sparse matrix”, matriki (jedwali la namba) ambayo sehemu kubwa ya namba zake ni sifuri. “Scattered matrix” haipo katika maana hiyo. Lakini hukohuko kwenye namba, “diagrama de dispersión” ni “scatter plot” na “medidas de dispersión” ni “measures of dispersion”. Kwa hiyo “datos dispersos” inakulazimu uulize: data ni chache zenye mapengo, au ziko nyingi ila zimeachana na wastani? Za kwanza ni “sparse data”, za pili ni “widely spread data”. Soma jedwali lililo karibu na sentensi hiyo. Likiwa limejaa sifuri au nafasi tupu, jibu umelipata.

Istilahi zilizofungwa

Katika fani kadhaa huna uhuru wa kuchagua. Neno limeshaamuliwa, na ufundi wako unaonekana kwa kulifuata.

Hali ya hewa ndiyo inayokutana na wengi. “Chubascos dispersos” ni “scattered showers”. “Tormentas aisladas” ni “isolated thunderstorms”. Usiyabadilishane kwa kutaka kupamba lugha, kwa sababu kwa watabiri haya ni vipimo. Katika matumizi ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, “isolated” huendana na uwezekano wa takriban asilimia 20, “scattered” asilimia 30 hadi 50, na “numerous” asilimia 60 hadi 70. Katika taarifa za anga za marubani, kifupi SCT kinasimama kwa “scattered”, yaani mawingu yaliyofunika sehemu 3 hadi 4 kati ya 8 za anga. Zikiwa 1 au 2 ni FEW (“few”), na kuanzia 5 hadi 7 ni BKN (“broken”).

Hapa Kiswahili kinaweza kukupoteza kama hukukaa macho. Masikio yetu yamezoea utabiri unaosema “vipindi vya mvua katika maeneo machache”. Katika maneno hayo kuna vitu viwili: vipindi ni wakati, maeneo ni mahali. “Disperso” ya hali ya hewa inahusu mahali tu. Mvua inayokatika na kurudi ni “intermitente” kwa Kihispania na “intermittent” kwa Kiingereza. Mfasiri anayefikiri kwa “vipindi” huandika “intermittent showers” palipoandikwa “chubascos dispersos”, na mvuvi au rubani anayesoma anapata habari nyingine.

Fizikia ina mtego wake. Kihispania hutumia “dispersión” kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenganisha. Nuru inapogonga chembe ndogo za hewa ikaelekea kila upande, ndicho kinachofanya anga liwe la buluu, Kiingereza husema “scattering”, kwa hiyo “dispersión de Rayleigh” ni “Rayleigh scattering”. Nuru inapopita kwenye prizimu ikagawanyika rangi, ni “dispersion”. “Luz dispersa” kwa kawaida ni “scattered light”. Kama maandishi yanataja prizimu au rangi za upinde wa mvua, simama ukaulize.

Katika kemia, “fase dispersa” ni “dispersed phase”, kwa mfano vitone vya mafuta ndani ya maji. Fuata hivyo hivyo. Katika taarifa za daktari, “sibilancias dispersas” ni “scattered wheezes”. Lakini “diseminado” ya kitabibu ni “disseminated”, na “coagulación intravascular diseminada” ni “disseminated intravascular coagulation” bila mjadala.

“Diseminado” inaleta shida ya namna nyingine katika anwani na takwimu za Hispania. Katika orodha rasmi za makazi za nchi hiyo, nyumba zisizo ndani ya kitovu cha makazi huhesabiwa chini ya jina “diseminado”, na neno hilo huonekana hata kwenye anwani za posta. Kwenye anwani liache kama lilivyo, kwa sababu barua inaenda Hispania na siyo Uingereza. Kwenye jedwali la takwimu andika “scattered dwellings” na uweke neno la Kihispania kwenye maelezo ya chini ya jedwali.

Kwa biolojia tuchukue samaki silikanti, ambaye Tanga ina hifadhi ya bahari kwa ajili yake. “Poblaciones dispersas a lo largo de la costa oriental de África” ni “scattered populations along the east coast of Africa”. Ukiandika “dispersed populations”, mwanabiolojia atasikia habari ya samaki waliohama kutoka mahali pamoja kwenda kwingine, kwa sababu “dispersal” kwake ni istilahi ya kuhama. Mwandishi alitaka kusema tu kwamba wako hapa na pale.

Kihusishi baada ya kivumishi

Kihispania hutegemea “por” karibu kila mahali: por la playa, por el suelo, por el mundo, por el texto. Kiingereza kinataka kihusishi kinachofuata umbo la mahali. Kitu kirefu kama ufuo, mto au barabara kinachukua “along”. Uso mpana ulio wazi, kama uwanda au nchi, unachukua “across”. Sakafu inachukua “over” au “all over”. Chumba, kwa sababu kina kuta, kinachukua “around”. Kitabu au hotuba inachukua “throughout”. Vitu vilivyo katikati ya vingine, kama makaburi kati ya mibuyu, vinachukua “among”. “Scattered by the beach” ni kosa la kutafsiri “por” kwa mazoea, na linasomeka kana kwamba ufuo ndio uliotawanya.

Mahali pa kukiweka kivumishi panategemea kihusishi hicho. Kikiwa peke yake kinakaa mbele: “scattered villages”. Kikiwa na mahali nyuma yake kinafuata nomino: “villages scattered across the plain”.

Kihispania pia hugeuza sentensi ili mahali pawe kiima: “un valle salpicado de casas”. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo tunaposema “uwanja umetapakaa makumbi ya nazi” badala ya “makumbi yametapakaa uwanjani”. Kwa Kiingereza umbo hilo linahitaji neno lake: “a valley dotted with houses”. “Dotted” ni ya vitu vidogo vinavyopendeza kutazamwa kutoka mbali. “Sembrado de” ni nzito zaidi, na hutumika hata kwa hatari: “un campo sembrado de minas” ni “a field sown with mines”. Usiandike “dotted with mines” kana kwamba ni mapambo.

Mtu, mawazo, maandishi

“Es una persona muy dispersa” haihusu miguu ya mtu. Akili yake haitulii mahali pamoja. “Scatterbrained” ipo, lakini ina dharau kidogo na inafaa kwa mazungumzo ya marafiki. Katika ripoti ya shule au ya kazini andika “easily distracted” au “has trouble focusing”. Angalia kitenzi: “es disperso” ni tabia yake, “está disperso” ni hali ya leo. “Hoy estoy muy disperso” ni “I can't concentrate today”. Ukiacha “I am scattered” msomaji wa Uingereza atasita.

“Obra dispersa” ya mwandishi ni maandishi yaliyotoka magazetini na majaridani bila kukusanywa. “Uncollected works” ndiyo lugha ya wachapishaji. “Normativa dispersa” ni kanuni zilizomo katika sheria nyingi tofauti. Andika “rules scattered across several laws”, maana “dispersed rules” haisemi lolote. “Voto disperso” ni “a fragmented vote”.

Ndugu wa “disperso” wanaopotosha

“Regado” ndilo la kuogopwa. Huko Hispania “regar” ni kumwagilia maji, na “campo regado” ni shamba lililomwagiliwa. Meksiko na sehemu nyingi za Amerika ya Kati na Karibiani, “juguetes regados por el piso” ni vitu vya watoto vilivyotapakaa sakafuni: “toys scattered all over the floor”. Kabla ya kutafsiri, jua maandishi yametoka nchi gani. Makala ya kilimo kutoka Yucatán inaweza kuwa na maana zote mbili katika ukurasa mmoja, na kinachokuokoa ni nomino iliyo karibu. Shamba, mimea na bustani huelekea kwenye maji. Vitu, nguo na karatasi huelekea kwenye kutapakaa.

“Esparcido” kwa kawaida ni “scattered”, “spread” au “strewn”, hasa kwa kitu kilichotupwa kwa mkono: mbegu, chumvi, majivu. Lakini “zona de esparcimiento” ni “recreation area”, mahali pa kupumzikia. Ukiliona kwenye ramani ya hoteli au bustani, usimpeleke mgeni kwenye eneo la kutawanya.

“Suelto” ni “loose”: “hojas sueltas” ni “loose sheets”. “Desparramado” kwa mtu aliyejimwaga kwenye kochi ni “sprawled”. “Escaso” ni uchache tu.

Kifungu cha kufanyia kazi

Hiki tumekitunga kwa mtindo wa brosha ya magofu ya pwani:

“Al sur de la ciudad, entre baobabs dispersos, quedan las ruinas de una mezquita y unas cuarenta tumbas. Fragmentos de cerámica esparcidos por el suelo aparecen después de las lluvias. La población, escasa y dispersa, vive de la pesca. La bibliografía sobre el lugar es muy dispersa.”

Kiswahili cha pembeni: mibuyu iliyosimama mbalimbali, vigae vilivyotapakaa chini, watu wachache wanaokaa mbalimbali, maandishi yaliyotawanyika katika vitabu na majarida mengi. Tazama upatanisho: “esparcidos” ni ya “fragmentos”, siyo ya “cerámica”, kwa hiyo vigae ndivyo vilivyotapakaa. Kutoka hapo:

“South of the town, among scattered baobabs, stand the ruins of a mosque and some forty tombs. Potsherds strewn over the ground come to light after the rains. The few people of the area, living far apart, make their living from fishing. What has been written about the site is scattered through many publications.”

“Disperso” imetokea mara tatu kwa Kihispania, na “scattered” imebaki mara mbili tu. Katika sentensi ya tatu tumelifungua neno likawa maneno kadhaa, kwa sababu “scattered” ya tatu katika kifungu kifupi ingechosha sikio, tena “living far apart” inamwonyesha msomaji nyumba zenyewe. Kwa ripoti ya sensa tungefanya kinyume: “a small, scattered population”, kwa istilahi ileile kila inaporudi. Brosha inataka lugha ibadilike, ripoti inataka neno lisimame.

Kuhakiki kabla ya kukabidhi

Tafuta “scattered”, “dispersed” na “sparse” katika faili lako la Kiingereza, moja baada ya jingine, na kila linapotokea lirudishe kwa Kiswahili bila kutazama Kihispania. Likirudi kwa kitenzi tofauti na kile ulichoandika pembeni mwanzoni, hapo pana kasoro. Kwa jozi ya maneno usiyoiamini, iweke ndani ya alama za nukuu kwenye mtambo wa utafutaji, au itazame kwenye BNC (British National Corpus), hazina ya maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza. Upande wa Kihispania, CORPES XXI, hazina ya namna hiyo ya Real Academia Española (chuo cha lugha ya Kihispania), ina maandishi ya kuanzia 2001 na inaonyesha nchi yalikotoka, jambo ambalo kwa “regado” linamaliza ubishi mapema. Idadi kubwa ya matokeo peke yake haitoshi. Fungua mifano mitatu au minne uone kama inahusu kitu cha aina ileile.

Utata ukibaki baada ya hayo, mwandikie mteja swali fupi lenye majibu mawili ya kuchagua: “Ukurasa wa 4, mstari wa 2, ‘datos dispersos’: data ni chache, au ni nyingi zilizoachana?” Mtafiti aliyechoka atajibu swali la namna hiyo kwa neno moja siku hiyohiyo. Ukimuuliza “una maana gani hapa?” huenda asijibu kabisa.